UZI: Nimebadilisha nozeli (vinyunyizio vya petroli) zote 4, Probox bado inamisi. Nisaidieni kabla sijaiuza

ProboxGongoni
Salaam wadau. Mimi hubeba abiria Malindi–Gongoni–Marereni. Gari ni Probox ya 2012, injini 1NZ. Hii wiki ya tatu inamisi, yaani silinda inaruka bila kuwaka. Ikisimama stejini na injini inawaka, inatetemeka mpaka abiria mmoja aliniuliza kama tunavuka kivuko. Nikishatoka mjini, nikapita daraja la Sabaki na kukanyaga mafuta, inakuwa shwari. Magharibi nikiwasha taa na kiyoyozi, ugonjwa unazidi.

Fundi aliweka skana, ikatoa kosa P0303, yaani silinda ya 3 ndiyo inayomisi. Tukabadilisha plagi, wapi. Tukahamisha koili ya cheche ya silinda ya 3 tukaiweka silinda ya 1, kosa likabaki pale pale 3. Akasema basi ni nozeli, na kwamba nikinunua moja nitarudi wiki ijayo kununua nyingine, bora seti. Nikatoa Sh12,000 kwa seti ya nne zilizotumika Japani. Zimefungwa Jumamosi. Jumapili asubuhi, P0303 hiyo hiyo inanichekea.

Je, nimeuziwa nozeli mbovu?

KasukuWaShella
Pole bro. Uza hiyo gari ununue punda.

MwanaAmu
Punda usimtie kwenye mambo haya. Huku Amu ndiye pekee ambaye hajawahi kutolewa P0303.

KasukuWaShella
Haya tuseme ukweli. Chomoa hiyo nozeli ya 3, chukua waya mbili, ipige moja kwa moja kwenye betri. Ikilia "ta" ni nzima. Halafu dunga sindano kwenye waya zake, mita upande mmoja, utajua kama moto, yaani umeme, unafika. Dakika tano kazi imekwisha.

Mzee_Waya
Kasuku, mkono wako uzuie kidogo. Nimefanya waya za magari miaka mingi hapa Maweni na nusu ya kazi zangu zilianza na mtu aliyesema "dakika tano".

Kupiga nozeli betri: hizi za 1NZ zina ukinzani mkubwa, zinavumilia kuguswa na kuachwa papo hapo. Lakini kuna nozeli za omu 2 au 3, hasa za magari ya zamani yenye pakiti ya rizista pembeni. Omu 2 kwa volti 12 ni ampea 6. Ukiishikilia hapo, koili inaungua huku unasikiliza "ta". Na kwa vile ina petroli ndani na wewe unatoa cheche juu ya betri, hesabu mwenyewe. La sindano nitalirudia.

Mwanangu ProboxGongoni, weka spana chini. Umebadilisha plagi, umehamisha koili, umebadilisha nozeli, na kosa halikuhama silinda ya 3. Basi limekaa kwenye kitu ambacho hamjakigusa.

Sikiliza nozeli inavyofanya kazi. Ndani mna koili ya waya mwembamba na sindano ya chuma iliyobanwa na springi. Umeme ukipita, koili inakuwa sumaku, inainua sindano sehemu ndogo tu ya milimita, na petroli iliyosukumwa kwa bar 3 hivi inatoka kama marashi kwenye mrashi. Umeme ukikatwa, springi inafunga. Gari ikiwa imesimama inanguruma tu, inafunguka kama mara 6 kwa sekunde, kila mara milisekunde 2 mpaka 4. Basi.

Jambo ambalo mafundi wa spana hawapendi kuliuliza: swichi yake iko upande gani? Wengi wanadhani kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, inatuma moto. Hapana. Ukiwasha swichi ya gari, moto wa volti 12 unafika kwenye nozeli zote na kukaa hapo, kupitia waya mmoja unaogawanyika mara nne ndani ya kifungu cha waya. Waya wa pili wa kila nozeli unakwenda kontrol boksi, na yenyewe kazi yake ni kuugusisha athi (upande wa hasi) na kuuachia. Kwa hiyo kila nozeli ina njia mbili za kuharibika nje ya nozeli yenyewe: waya wa moto kuanzia pale mgawanyiko ulipo, na waya wa athi mpaka kwenye boksi.

Sasa nipe vipimo, si maneno. Injini ikiwa baridi, chomoa soketi zote nne, weka mita kwenye omu, pima pini mbili za kila nozeli. Zile za zamani unazo?

ProboxGongoni
Ahsante mzee wangu. Za zamani ninazo kwenye mfuko, sikuzitupa.

Nimepima leo saa nne asubuhi. Hizi zilizofungwa: 14.6, 14.5, 14.6, 14.6. Za zamani: 14.5, 14.7, 14.6, 14.5.

Mbona nimesoma kuwa za 1NZ mwisho ni 14 na pointi kidogo? Zote nane ni mbovu?

Mzee_Waya
Zote nane ni nzima. Namba za vitabuni zimepimwa nyuzi 20. Malindi nyuzi 20 utazipata wapi, ndani ya friji? Shaba inaongeza ukinzani kama asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kivulini leo ni 31. Piga hesabu, omu 14 inakuwa 14.6 kamili. Na ungepima injini ikiwa imetoka Marereni, nyuzi 80, ungeona 17 na ungezitupa zote nane baharini. Nimewahi kukuta dukani mtu anarudisha nozeli "mbovu" iliyopimwa moto, na mwenye duka naye akaipima moto, wakakubaliana.

Kitu kingine, gusanisha ncha za mita zenyewe kwanza. Mita za bei ndogo zinasoma 0.3 au 0.5 hapo hapo, hiyo uitoe.

Tunachotafuta si namba ya kitabu, ni ndugu zake wanasema nini. Zikikaribiana zote, koili ziko sawa. Ingesoma 0 ungejua imeshoti, isiposoma kitu waya umekatika ndani. Hili halituambii kama tundu limeziba uchafu. Omu haioni uchafu. Lakini umeweka nozeli nyingine na kosa halijahama, kwa hiyo uchafu tuuache.

KasukuWaShella
Kwa hiyo Sh12,000 zimekwenda na maji?

ProboxGongoni
Kasuku nakuomba.

Binti_Spana
Shikamoo babu Mzee_Waya. Mimi niko Watamu, nasomea umeme wa magari. Naomba niingilie kwenye hatua ya pili.

Kaka ProboxGongoni, tengeneza taa ya kupimia. LED moja ya kawaida, rizista ya kiloomu 1, unaunga kwa mfululizo. Chomoa soketi ya nozeli ya 3, ncha ndefu ya LED iende pini ya moto, ncha nyingine pini ya kontrol boksi. Mtu akuwashie starta. Ikimweka, kontrol boksi inagusa athi. Isipomweka kwa silinda ya 3 na ikamweka kwa nyingine, shida iko kwenye waya wa athi au boksi.

Usiweke balbu ya breki ya wati 21 hapo. Inavuta ampea 1.7 na ikiwa baridi inavuta zaidi kwa kufumba na kufumbua. Ile transista ndani ya boksi imezoea ampea 1. LED yetu inavuta miliampea 10 tu.

Na usilazimishe ncha kubwa ndani ya soketi. Ukipanua zile pini, umejitengenezea P0303 nyingine.

Mzee_Waya
Marahaba. Huyu binti anafundishwa vizuri.

ProboxGongoni
Dada nimefanya. LED nimetoa kwenye tochi ya mwanangu (atalia akijua). Inamweka zote nne. Ya 3 pia, sawasawa na nyingine, sioni tofauti.

Nikapima na moto kabisa, swichi imewashwa, mita upande mmoja pini ya moto na mwingine kichwa cha hasi cha betri: 12.5, 12.5, 12.5, 12.5.

Nozeli nzima. Moto upo. Athi ipo. Na gari inamisi. Naanza kufikiria mambo ya kurogwa.

KasukuWaShella
Punda, bro.

Mzee_Waya
Hapo ndipo wengi wanapokwama wakanunua kontrol boksi. Ngoja.

Unajua mfereji wa mchana ambao maji yake ni ya kusuasua? Ukiziba mdomo kwa kidole unahisi presha inasukuma. Ukitoa kidole, matone. Presha ilikuwepo kwa sababu maji hayakuwa yanatembea. Mita yako ni kidole. Ina ukinzani wa mamilioni ya omu, haivuti chochote, kwa hiyo hata waya ulioliwa na kutu ukabaki unashikana kidogo tu utaionyesha 12.5. LED nayo ni kidole, miliampea 10 zinapita popote.

Nozeli inataka karibu ampea 1. Lazima uupime waya ukiwa na mzigo.

Tafuta balbu ya wati 10, au funga mbili za wati 5 pamoja sambamba, zile ndogo za taa za pembeni. Wati 10 inavuta ampea 0.8, karibu kabisa na nozeli yako. Swichi imewashwa, injini imezimwa, soketi imechomolewa. Waya mmoja wa balbu kwenye pini ya MOTO ya soketi, mwingine kwenye hasi ya betri. Pini ya kontrol boksi usiiguse na balbu, binti ameshakuambia kwa nini. Balbu ikiwaka, pima volti pale pale kwenye pini. Fanya kwa zote nne na uandike.

ProboxGongoni
Mzee.

1: 12.2
2: 12.2
3: 6.8
4: 12.2

Kwenye ya 3 balbu imekuwa nyekundu kama kaa linalozimika. Nimerudia mara tatu.

KasukuWaShella
Subhanallah.

MwanaAmu
Mchawi kapatikana, ni waya.

Binti_Spana
Babu niruhusu nieleze kwa nini ilikuwa inatulia akikanyaga mafuta, maana hili limenifurahisha mno.

Nozeli haifunguki papo hapo umeme unapoingia. Mkondo lazima upande kwanza mpaka sumaku ishinde springi. Volti zikiwa 14, inachukua kama milisekunde 1. Volti zikipungua inachelewa zaidi, mbili na zaidi. Kontrol boksi inalijua hilo, inapima volti ya betri na kuongeza muda ili kufidia. Lakini inapima volti inayofika kwake, si inayofika kwenye nozeli ya 3! Kwake yeye kila kitu ni 14, hafidii chochote.

Sasa gari imesimama, amri ni milisekunde 3. Nozeli 1, 2 na 4 zinapoteza 1, zinamwaga kwa 2. Ya 3 inapoteza 2 au zaidi, inamwaga kwa chini ya 1. Silinda inakosa petroli, gari inatetemeka. Ukikanyaga mafuta, amri inakuwa ndefu, milisekunde 8 au 10, na ule ucheleweshaji unakuwa kitu kidogo ndani yake. Bado ya 3 inapata pungufu lakini inawaka. Jioni ukiwasha taa na kiyoyozi volti ya gari inashuka kidogo, na ya 3 ambayo tayari iko pembezoni inaanguka kabisa.

Ndiyo maana pia skana haikutoa P0203, ile ya kosa la mzunguko wa nozeli. Mzunguko haujakatika. Umedhoofika tu.

Mzee_Waya
Umenena. Ningechukua siku nzima kulieleza hilo na bado lisingenyooka hivyo.

Mwanangu, mgawanyiko wa waya wa moto uko ndani ya kifungu kinachopita juu ya injini. Nozeli tatu zinapata 12.2, kwa hiyo fyuzi, rilei na waya mkuu viko salama, usipoteze muda huko. Ugonjwa ni kuanzia kiungo cha mgawanyiko mpaka soketi ya 3. Sidhani unazidi shibiri mbili. Fungua mkanda taratibu na upapase waya kwa vidole. Palipo na uvimbe au pagumu, hapo.

HiaceMtwapa
Samahani kuingilia uzi wa watu. Mimi nina Hiace ya dizeli, D-4D, nayo inagonga asubuhi. Naweza kutumia hii balbu na LED?

Mzee_Waya
HAPANA. Soma vizuri ndugu yangu. Nozeli za dizeli za reli moja, yaani bomba moja la presha linalolisha nozeli zote, ni mnyama mwingine. Volti inapandishwa kabla ya kufika huko, nyingi zinapita 50, na zile za piezo, zisizotumia koili, zinapita 100. Injini ikiwaka usichomoe soketi wala usiingize waya wako. Koili zake nyingi hazifiki hata omu 1, mita yako ya mfukoni haitakuambia kitu.

Na mtindo wa zamani wa kulegeza nati ya bomba ili kusikiliza silinda, ukauache na dizeli za zamani. Kwenye reli presha inaweza kupita bar 1,000. Uzi wa dizeli usioonekana unapenya ngozi ya mkono. Unaona kidoa tu kama umeumwa na sisimizi, na mkono unaanza kufa ndani. Ikikutokea ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama hakuumi. Peleka gari kwa mwenye skana apime kiasi kinachorudi kwenye kila nozeli.

HiaceMtwapa
Nimeelewa mzee. Mikono naipenda.

MwanaAmu
Mimi naongea kwa upande wa boti. Nina Yamaha ya foostroki, navusha watu Mokowe–Amu. Hizi nazo zina nozeli kama za petroli za gari, na maadui zetu ni wale wale, chumvi na unyevu. Kusi ikipiga, mai ya bahari yanaruka mpaka ndani ya kifuniko. Soketi ikishaingia chumvi, pini zinafanya unga wa kijani na mashine inaanza kukohoa katikati ya ndia. Nilijifunza kuzipaka grisi ya umeme ile ya uwazi kwenye mpira wa soketi, siyo kujaza kwenye pini, na kutopiga injini kwa maji ya presha. Wewe ndugu wa Gongoni unapita kwenye mashamba ya chumvi kila siku, gari yako ni boti isiyojijua.

ProboxGongoni
Wadau nimerudi, na nina aibu kidogo.

Nimefungua mkanda. Sentimita kumi hivi kutoka soketi ya 3, ganda la waya wa moto lina tundu dogo. Tundu la sindano. Nikaukunja pale, ganda likapasuka, na ndani shaba imekuwa unga wa kijani kabisa. Sikuona uzi hata mmoja uliobaki mzima.

Sasa nimekumbuka. Mwaka jana, kabla ya Ramadhani, gari iliwahi kugoma kuwaka na kuna mtu alipima kwa kudunga sindano kwenye waya huo huo. Ilikuwa ni fyuzi tu, ikabadilishwa tukaondoka. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshikia tochi. Nikamwambia na "kazi nzuri".

Nimekata sehemu mbovu, na kila nilipokata nikakuta shaba imeingia weusi, nikaendelea mpaka nikapata shaba inayong'aa, kama sentimita 12 zote zimetoka. Nikaunga waya mpya wa unene ule ule, nikauchomea kwa risasi, nikavalisha mpira unaonywea kwa moto, nikafunga mkanda. Nimepima tena na balbu: 12.2 zote nne.

Nimewasha. Nimeweka glasi ya maji juu ya dashibodi. Maji hayatikisiki.

Mzee_Waya
Nilisema la sindano nitalirudia. Sasa sina haja.

Lakini kwa wengine wanaosoma: pini ipite nyuma ya soketi, pembeni ya mpira, iguse chuma bila kutoboa ganda. Ikiwa imekubidi kutoboa, ziba siku hiyo hiyo kwa rangi ya mpira au gundi isiyopitisha maji. Pwani hii tundu la sindano ni mlango.

Binti_Spana
Kaka, futa kosa kwa skana kisha endesha siku mbili uone kama P0303 itarudi. Na angalia mafuta ya injini kama yananuka petroli. Sidhani, maana ya 3 ilikuwa inapata pungufu, si zaidi, lakini kuchomoa stiki hakugharimu.

ProboxGongoni
Siku ya tatu leo, nimekwenda Marereni na kurudi mara saba. Hakuna kosa. Mafuta safi. Mzee wangu, nikipita Maweni nitakutafuta, chai na mahamri ni juu yangu. Dada wa Watamu pia. Kasuku aje ajilipie.

KasukuWaShella
Nimekubali, mimi ndiye niliyesema mambo ya sindano. Leo nimekwenda kuangalia gari ya shemeji yangu ambayo niliipima mwezi wa tatu. Sijamwambia kitu. Nimenunua mkanda.

ProboxGongoni
Kuna mtu anahitaji nozeli za 1NZ? Ninazo nne za ziada. 14.5, 14.7, 14.6, 14.5, zimepimwa kivulini, nyuzi 31. Sh6,000 zote.

KasukuWaShella
Elfu nne na punda.